Wazimu Si Kisingizio, na Utulivu Si Ushahidi



Katika kikao chetu cha mwezi uliopita, baada ya hesabu za mfuko wa mazishi na kabla ya chai, mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama akiwa na karatasi mkononi. Zilikuwa kurasa alizozitoa kwenye mkoba wa bintiye anayesoma darasa la nane. Akasema: "Tumewaleta watoto huku wasome, kumbe wanasomeshwa uwendawazimu. Humu kuna mtu anamuua mzee wa watu kitandani, anamkata vipande, halafu anajisifu. Hii ndiyo elimu?" Wengi walitikisa vichwa kumuunga mkono. Mama mmoja akaongeza kwamba mwandishi mwenyewe alikuwa mlevi na kichaa, na maneno kama hayo hutoka katika kichwa kibovu. Ikapendekezwa shule iandikiwe barua, na sote tuitie saini.

Sisi tunaohariri kurasa hizi tulikataa kutia saini. Siku ile hatukupata nafasi ya kueleza, maana chai ilikuwa tayari na mandazi ya moto hayangoji hoja ya mtu. Tunaeleza leo.

Hadithi yenyewe ni The Tell-Tale Heart ya Edgar Allan Poe, ambayo katika mazungumzo yetu tunaiita Moyo Msema Siri. Ilitoka Januari 1843 katika jarida la Boston lililoitwa The Pioneer, jarida lililotoa matoleo matatu tu likafa. (Kila aliyewahi kuhariri kijarida cha jumuiya atamwonea huruma mhariri wake, James Russell Lowell.) Ni hadithi fupi, unaimaliza kabla chai haijapoa. Mtu anaishi na mzee katika nyumba moja. Hatuambiwi kama ni baba yake, bwana wake au mpangaji mwenzake. Jicho moja la mzee lina utando, rangi yake ya samawati imepauka, na mtu huyu hawezi kulivumilia. Usiku saba mfululizo, saa sita ya usiku, anafungua mlango wa mzee polepole, akitumia saa nzima kuingiza kichwa tu. Usiku wa nane mzee anazinduka. Anamuua kwa kumlaza chini na kumwangushia kitanda kizito, anamkata, anamfukia chini ya mbao tatu za sakafu. Saa kumi ya alfajiri wanakuja polisi watatu, kwani jirani amesikia ukelele. Anawakaribisha kwa bashasha, anawaletea viti, na cha kwake anakiweka pale pale alipomfukia marehemu. Kisha anaanza kusikia moyo ukidunda chini ya sakafu, unazidi na kuzidi, mpaka anapiga kelele na kukiri mwenyewe.

Sasa sisi tunasema hivi: hii si hadithi ya wazimu. Ni hadithi ya mtu aliyeulizwa kosa moja akajibu jingine. Tangu mwanzo kabisa anabishana nasi kwamba yeye si kichaa. Nani kamwambia ni kichaa? Anachotakiwa kujibu ni kwa nini amemuua mtu ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hakumkosea lolote na alimpenda. Badala yake anatuonyesha jinsi alivyokuwa mwangalifu, mpole, mwenye subira, jinsi kichaa asivyoweza kufanya kazi safi kama ile. Mtu akiulizwa kuku wa jirani yuko wapi, naye akaanza kuapa kwamba hana homa, tutasema amejibu swali? Lakini wasomaji wengi, na mzee wetu akiwamo, wanapokea swali lile lile alilolileta mshitakiwa. Wanakaa kubishana: huyu ni kichaa au si kichaa? Wakati wanabishana, maiti iko chini ya sakafu na hakuna anayeizungumzia.

Tulimwomba yule binti atuonyeshe nakala yake, akatuonyesha. Pembeni mwa ukurasa alikuwa ameandika kwa penseli kwamba hakuna mtu aliyemuuliza habari ya dhahabu. Kweli kabisa! Mwanzoni msimulizi anatuhakikishia kwamba hakuitamani dhahabu ya mzee, na hakuna aliyekuwa amemdhania hivyo. Baadaye anawatembeza polisi nyumba nzima, anawaonyesha mali ya mzee kwamba iko salama na haikuguswa. Labda hakuitaka. Labda aliitaka. Hatuna njia ya kujua, kwa sababu mlango wa kuingilia katika nyumba ile ni mmoja tu, nao ni mdomo wake. Wataalamu wa fasihi humwita mtu wa namna hii msimulizi asiyeaminika, istilahi iliyoanzishwa na Mmarekani Wayne Booth mwaka 1961. Kwa lugha ya nyumbani ni shahidi ambaye unasikiliza maneno yake huku unamtazama mikono. Mtoto wa miaka 13 ameliona hilo peke yake, kwa penseli, na sisi watu wazima tunataka kuandika barua asilione tena.

Na ule moyo? Moyo wa maiti haudundi, hilo linajulikana. Wapo waliosema alikuwa akisikia moyo wake mwenyewe. Wapo waliosema ni yule mdudu mtoboa mbao anayegonga ndani ya kuta za nyumba kuukuu, ambaye msimulizi mwenyewe alikwisha kumtaja. Sisi hatutaki kupoteza karatasi kwa hilo. La maana zaidi kwetu ni beseni. Alipokuwa akimkata mzee alikinga damu katika beseni ili pasibaki hata doa, na akajisifia. Mtu asiyejua kwamba anatenda kosa hatafuti beseni.

Msidhani beseni ni mzaha. Ni sheria. Tarehe 20 Januari 1843, mwezi ule ule ilipotoka hadithi hii, jijini London mtu aitwaye Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, naye akafa siku tano baadaye. Mwezi Machi mahakama ilimwona hana hatia kwa sababu ya wazimu. Hakunyongwa, bali alifungiwa katika hospitali za wendawazimu mpaka alipokufa mwaka 1865. Watu walighadhibika, Malkia Victoria akiwa mmoja wao, na Baraza la Malodi likawataka majaji waseme wazi: mwendawazimu ahukumiwe vipi? Majaji wakajibu kwamba mtu husamehewa ikiwa, kwa ugonjwa wa akili, hakujua anachokifanya, au alikijua lakini hakujua kuwa ni kosa. Kanuni hiyo ilipanda meli pamoja na ukoloni, na hata leo ukifungua sheria ya makosa ya jinai ya Kenya au ya Tanzania utaikuta imekaa pale, maneno yake hayako mbali na yale ya majaji wa London. Kwa hiyo swali analofundishwa kuuliza binti wa darasa la nane ndilo analouliza jaji wa Mombasa na wa Mwanza mbele ya mshitakiwa: huyu alijua? Hatuoni uwendawazimu wowote katika somo hilo.

Wala Poe hakuyaokota mambo haya hewani. Wachunguzi wengi wanaona nyuma ya hadithi yake kuna kesi ya mji wa Salem, Massachusetts, ya mwaka 1830, pale nahodha mstaafu Joseph White, tajiri wa miaka 82 aliyewahi kufanya biashara ya watumwa, alipouawa usiku kitandani mwake. Mwanasheria Daniel Webster aliwahutubia juri akaeleza jinsi siri inavyomgeukia muuaji na kumtawala mpaka itoke yenyewe. Hotuba ile ilichapishwa na kusomwa sana. Na anayesema Salem ni kwa watu, haituhusu, tunamkumbusha kwamba meli za mji huo huo ndizo zilizoshusha merikani Unguja na kuondoka na pembe na sandarusi, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani pale, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Bibi zetu walivaa bidhaa za mji ule. Hatutakufa tukisoma kesi yake.

Kuhusu lile la mwandishi kuwa mlevi na kichaa, tunamjibu mama yetu kwa adabu. Kwamba Poe alisumbuliwa na pombe, halifichiki. Lakini sura ya Poe kama mwovu na mwendawazimu ilichongwa kwa mkono wa mtu, naye ni Rufus Griswold. Poe alipofariki Baltimore tarehe 7 Oktoba 1849, Griswold aliandika tanzia ya kumchafua, akaitia saini ya jina la uongo, kisha akapata dhamana ya kukusanya maandishi ya marehemu na humo akaingiza wasifu wenye barua alizozighushi. Ilichukua miaka mingi mpaka uongo huo ulipofichuliwa. Kwa hiyo hata habari za Poe tulizinywa kutoka kwa msimulizi asiyeaminika, tena aliyekuwa na akili timamu, elimu na koti zuri. Tunaomba hili likumbukwe, tutalirudia.

Sasa tufike kwenye hadithi inayotuuma zaidi, nayo ni The Black Cat, Paka Mweusi, iliyotoka Philadelphia Agosti ya mwaka ule ule wa 1843. Msimulizi atanyongwa kesho. Anasema alikuwa mpole tangu utoto, mpenda wanyama, akaoa mapema. Pombe ikamharibu. Akamtoboa paka wake jicho kwa kisu cha mfukoni, baadaye akamtundika mtini. Akaja paka wa pili, naye akamchukia. Siku moja wanashuka ngazi kwenda chumba cha chini, paka anamponyokea miguuni nusura amwangushe, anainua shoka amuue. Mke anamshika mkono, naye anamgeuzia mke shoka. Anafanya hima kumzika ndani ya ukuta.

Angalieni orodha ya wenye makosa katika hadithi hiyo. Pombe ina makosa. Paka ana makosa. Kuna pepo lililomwingia siku aliporudi nyumbani amelewa. Kuna silika fulani, anasema, iliyomo katika kila mtu, inayomfanya atende ubaya kwa sababu tu ni ubaya. Kila mmoja ameitwa mahakamani isipokuwa yeye. Na mkewe? Hana jina. Hatusikii neno lake hata moja. Anasifiwa kwamba alikuwa halalamiki. Na mkasa wote huo, tangu jicho la paka mpaka shoka, mwenyewe mwanzoni anauita mambo ya nyumbani tu.

Ndugu zetu, maneno hayo tunayajua. Hatuhitaji Poe atufundishe. "Ni mambo yao ya nyumbani, tusiingilie." Na lile jingine, tulilolisikia katika vikao vya suluhu huku na kule nyumbani, kwa Waswahili wa dini zote na wa nchi zote: "Shetani alinipitia." Mume ameinamisha kichwa, wazee wamekaa kwenye makochi, mke ameketi karibu na mlango wa jikoni, na baada ya maneno hayo inasomwa dua na kuletwa pilau.

Shetani huyu ni wa ajabu sana. Hampitii mtu akiwa mbele ya bosi wake kazini, hata akitukanwa. Hampitii akisimamishwa na polisi barabarani; hapo anakuwa mpole, mikono juu ya usukani. Humngoja afike nyumbani, afunge mlango, avue viatu. Na yule wa Paka Mweusi, shetani wake alikuwa mwashi pia? Maana baada ya kuua aliondoa matofali mamoja mamoja, akayarudisha, akachanganya lipu ifanane na ile ya zamani, akafagia sakafu. Hiyo ni kazi ya mikono iliyotulia. Shetani kupita ni nukta moja. Kupiga lipu ni saa nyingi.

Kwa haki, hapa tunamlaumu Poe mwenyewe kidogo. Hadithi zake ni nzuri mno kiasi kwamba zimewafanya watu, na baada yake sinema chungu nzima, waamini kuwa kila mgonjwa wa akili ana shoka nyuma ya mlango. Si kweli. Wagonjwa wa akili walio wengi hawamdhuru mtu yeyote, na mara nyingi zaidi wao ndio wanaodhurika. Sisi tunaosema "huyo wa Mirembe", au "wa Mathari", au "wa Kidongo Chekundu", kwa kicheko, tunamfanya mgonjwa kuwa muuaji, kisha muuaji akija na suti tunamfanya mgonjwa. Tunakosea njia zote mbili, na kosa ni moja.

Kama kuna anayedhani utulivu wa sauti ni dalili ya ukweli, asome The Cask of Amontillado ya mwaka 1846. Montresor anasimulia jinsi alivyomchukua rafiki yake Fortunato mpaka makaburini chini ya jumba lake, akamfunga mnyororo akamjengea ukuta. Yamepita miaka 50, naye anasimulia bila kutetemeka. Hata matusi aliyotukanwa, yaliyostahili kifo, hayataji. Hakuna daktari atakayemlaza. Hakuna hakimu atakayemwona kichaa. Ndiye anayetutisha kuliko wote, na ndiye ambaye tungemchagua kuwa mwenyekiti.

Upande wa pili wa shilingi aliuandika mwanamke. Charlotte Perkins Gilman alizaa binti mwaka 1885 akapatwa na huzuni nzito isiyoondoka. Mwaka 1887 alipelekwa kwa daktari mashuhuri wa Philadelphia, Silas Weir Mitchell, aliyekuwa na tiba yake ya mapumziko: mgonjwa alale, ale, asifanye kazi ya kichwa. Alirudishwa nyumbani na agizo kwamba asishike tena kalamu maisha yake yote. Alilifuata kwa muda, akaona anazama, akaliacha. Januari 1892 akachapisha katika New England Magazine hadithi iitwayo The Yellow Wallpaper, ambayo tunaiita Karatasi ya Ukutani ya Manjano.

Humo mke mgonjwa, aliyejifungua si zamani, anaandika kwa siri katika chumba cha juu cha nyumba ya kupanga. Mumewe John ni daktari. Kaka yake naye ni daktari. Wifi yake anaangalia nyumba. Wote wanampenda. Dirisha lina nondo, ukutani mna pete za chuma, kitanda kimepigiliwa sakafuni. Anaomba wahamie chumba cha chini. Anakataliwa kwa mzaha. Anaomba atembelewe na jamaa anaowapenda. Anaambiwa si wakati. Anasema haoni nafuu. Anaambiwa ana nafuu, daktari anaiona. Analia, anabebwa kama mtoto na kulazwa. Basi anabaki na karatasi ya ukutani, mchoro wake mbaya na rangi yake chafu, mpaka anaanza kumwona mwanamke nyuma ya mchoro akitambaa na kutikisa fito atoke. Mwishoni anabandua karatasi, anajifungia, anatupa ufunguo nje, na mume anapofungua anamkuta akitambaa kando ya ukuta. Mume anazimia. Mke anampitia juu na kuendelea kutambaa.

Hapa msimulizi kweli amepungukiwa na akili, hakuna ubishi. Je, haaminiki? Kuhusu mwanamke aliye nyuma ya karatasi, amekosea. Kuhusu nondo za dirishani, hajakosea. Kuhusu kwamba anazidi kuumwa, hajakosea. Asiyeaminika katika nyumba ile ni John, mwenye shahada, mwenye sauti ya upole, mwenye mapenzi ya kweli wala si mnafiki. Kila alilomwambia mkewe halikuwa kweli, na kila mtu nyumbani alimwamini kwa sababu anaongea vizuri. Somo hili ni gumu kuliko lile la Poe, ndiyo maana tunatamani shule iwape watoto hadithi hii pia. Maradhi na uongo ni vitu viwili. Mgonjwa anaweza kusema kweli, na mzima anaweza kudanganya usiku kucha bila sauti kukatika.

Tungeweza kuishia hapa, na makala ingekuwa nzuri na sisi tungebaki wasafi. Lakini itakuwa aibu kuwahukumu wasimulizi wa Boston na Philadelphia tukaacha wa kurasa hizi.

Miaka kadhaa iliyopita, katika toleo moja, ukurasa mmoja, tulichapisha matangazo mawili yaliyofuatana. La kwanza lilisema ndugu yetu mmoja amesafiri kwenda nyumbani kupumzika, tumtakie safari njema. Hakusafiri. Alikuwa amelazwa wodi ya wagonjwa wa akili maili 12 kutoka ukumbi tunaokutania, akakaa huko wiki saba, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumwangalia kwa sababu gazeti lilisema amesafiri. Kabla ya kulazwa alikuwa akitupigia simu usiku wa manane, anaongea mbio mbio, anarukia hili na lile, na katikati ya hayo akirudia kwamba pale anapofanya kazi hawajamlipa mshahara wa miezi miwili. Tulitazamana tukasema: ndiyo hayo maradhi. Baadaye, karatasi zake zilipokaguliwa, ikaonekana hakulipwa. Katika yote aliyosema usiku ule, hilo lilikuwa na nondo zake, na sisi tuliliweka pamoja na karatasi ya ukutani.

Tangazo la pili lilisema dada yetu mmoja ameteleza ngazini kwake akaumia mkono na uso, tumwombee dua. Habari ile alituletea mumewe mwenyewe, kwa sauti ya chini, na sambusa akatuletea. Alieleza ngazi ilivyokuwa na maji, alivyokuwa jikoni aliposikia kishindo, alivyokimbia. Alieleza hata rangi ya kandambili alizovaa mkewe. Nani alimuuliza habari ya kandambili? Hakuna aliyejiuliza. Hatukumpigia simu dada kumsikia yeye. Tuliandika, tukapiga chapa, tukatia kwenye bahasha, tukabandika stempu. Kazi ya mikono iliyotulia.

Wapo watakaosema hatukujua. Tulijua. Mmoja wetu alisema siku ile ile, huku anakunja karatasi, kwamba mtu akianguka ngazi haumii hivyo. Tukasema ni mambo yao ya nyumbani. Tulikuwa na beseni letu.

Tuliowataja wote wawili tumewaomba ruhusa, wametupa, kwa sharti majina yasitoke. Dada anaishi mji mwingine sasa na wanawe. Ndugu yetu yuko nasi, mnaonana naye kila mwezi, na yeye ndiye aliyetusomea hadithi ya Gilman kwa Kiswahili chake mwenyewe, papo kwa papo, kitabu mkononi, sisi tumekaa kimya.

Barua ya shule, basi, haitapata saini zetu. Kikao kijacho, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nusu saa ya kwanza tutasoma Paka Mweusi kwa sauti, na tunamwomba mzee wetu aje na bintiye akiwa na penseli yake. Wanaume tunawaomba wasiende kuvuta sigara nje wakati huo.

MASAHIHISHO. Katika toleo tulilolitaja hapo juu, palipoandikwa "amesafiri kwenda nyumbani kupumzika" pasomeke "amelazwa, na angefurahi kutembelewa". Palipoandikwa "ameteleza ngazini" pasomeke "amepigwa".

Wahariri